Maswali Yamekaribia Kuniishia

Juu ya Duka la Vipodozi,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua ukifika hapa utaitikia kwa sauti kana kwamba nimesimama mlangoni, basi na mimi huku marahaba yako nimeshaipokea. Hujambo? Goti linasemaje? Mama alituambia wamekuhamisha, siku hizi unakunja mashuka badala ya kuyabeba, nikashukuru, maana lile goti halikuumbwa kwa kubeba mashuka ya hospitali nzima. Na mapacha je, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Huku tu wazima wa mwili. Mama anashona, baba anakwenda lindo, mimi naenda shule. Nasema wa mwili tu, Shangazi. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Usishtuke kupata barua ya mkono. Wewe simu unaiweka spika ili nyumba nzima isalimiwe, na mimi nikianza kuyasema haya nitalia, halafu mapacha waulize kuna nini. Tena unanijua. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, lakini nikisimama mbele ya mtu zote mbili zinanikimbia. Kwenye karatasi angalau hurudi, moja moja.

Naanza na lile gumu. Kaka hayuko kwenye safari ya kikazi kama baba alivyokwambia. Kaka alifukuzwa nyumbani tangu mwaka jana, na aliyemfukuza ni baba.

Mimi siku hiyo nilikuwa shuleni, kwa hiyo nakupa kama nilivyopewa na mama. Unakumbuka kaka alivyokuwa na ugonjwa wa kufungua redio? Ulihamia kwenye waifai. Alijinunulia kifaa kidogo, unaweza kukificha kiganjani, kina kioo cha ukubwa wa stempu na antena mbili kama pembe za konokono. Ni kifaa cha kupimia usalama wa mtandao. Alikuwa anakaa nacho dirishani akipima rauta yetu wenyewe, kile kisanduku cha mtandao kilicho juu ya kabati, aone kama mtu anaweza kuidanganya.

Sasa mama mwenye duka la vipodozi hapo chini, mtandao aliolipia ulikuwa unakwisha kabla ya wakati wake, wiki baada ya wiki, naye haelewi nani anaumaliza. Akainua macho, akaona antena zimetokeza dirishani kwetu. Basi. Baba alikuwa anarudi kazini, bado na sare yake ya ulinzi, kirungu kiunoni, watu wamejaa pale dukani. Yule mama akampokea kwa sauti: "Unalinda maghala ya watu, kumbe mwizi unamlisha mwenyewe nyumbani!" Watu wakacheka. Shangazi, unajua baba anavyoibeba ile kazi. Miaka yote hajawahi kurudi hata na msumari wa ghalani. Mama anasema alipanda ngazi polepole, kama mtu aliyebeba gunia.

Kaka alimwambia, "Baba, niulize kwanza kinafanya nini." Baba akasema, "Sitaki kujua kinafanya nini. Nataka kitoke, na wewe utoke nacho." Kaka alitoka. Kifaa hakukichukua. Niliporudi kutoka shule nilikuta godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba, na mama ameinamia cherehani inayozunguka bila nguo.

Alibadilisha namba. Hatukujua yuko wapi. Mama hakulalamika hata siku moja, ila alianza kumshonea shati. Anatumia kipimo cha zamani, halafu anasema mabega yatakuwa yamepanuka, anaongeza. Kesho yake anasema huenda amekonda huko aliko, anafumua, anapunguza. Lile shati limefumuliwa mpaka kitambaa kimechoka. Baba analiona, anapita.

Halafu likizo iliyopita mama aliniita, akazamisha mkono kwenye mfuko wake wa mabaki ya vitambaa, akatoa kile kifaa. Kumbe alikuwa amekificha humo siku ileile. Akaniambia, "Wewe una akili za shule. Kiwashe. Nataka nione tu kama bado kinawaka." Nikakiwasha. Kioo kikawa cheupe tu, hakuna herufi, hakuna kitu. Mama akakiangalia kama unavyomwangalia mtoto mwenye homa.

Nikakumbuka kaka alikuwa na jukwaa lake kwenye mtandao, watu wa nchi mbalimbali wanaosaidiana mambo ya vifaa hivyo. Wengi wanaandika Kiingereza, lakini ipo kona ya watu wa lugha yetu, na kona hiyo ina ubao wa wanaoanza, unaitwa Wanagenzi. Kule hakuna anayekuona uso, Shangazi. Nikafungua akaunti, nikajiita Mgeni wa Kona, nikaandika: "Samahanini, kifaa changu kinawaka kioo cheupe tu. Sijui chochote. Naomba msaada." Ile "naomba msaada" niliifuta na kuirudisha mara nyingi kabla sijabonyeza.

Majibu yalikuja. Mmoja anayejiita Kisiki aliandika, "Soma maelekezo kabla ya kutusumbua." Mwingine, "Kirudishe dukani, wakupe kikaango, weupe utauona kwenye yai." Nikafunga simu nikiwa na masikio ya moto. Nilipofungua tena palikuwa na jibu jipya, la mtu anayejiita Fundi wa Dirishani:

"Tulia, mheshimiwa. Hakijafa, kimesusa. Kadi ya kumbukumbu imekaa vibaya au programu yake ni ya toleo jingine. Piga picha ya nyuma, tutakibembeleza pamoja."

Shangazi, nilimjua. Ni nani duniani anayemwita kila kiumbe mheshimiwa, mpaka paka wa jirani, mpaka jiko? Cherehani ya mama ikigoma, ni nani aliyekuwa anasema haijafa, imesusa? Nilimwita mama nikamsomea. Alinishika kidevu, akakaa chini kwenye vitambaa vyake, akaniambia, "Mpigie picha hiyo ya nyuma anayoitaka."

Swali lako nalijua. Kwa nini sikumwambia papo hapo kwamba ni mimi? Niliogopa. Mtu aliyebadilisha namba anaweza kubadilisha na jina la jukwaani, nikampoteza mara ya pili. Nikaona afadhali niwe mgeni anayejibiwa kuliko ndugu anayekimbiwa. Mama naye akasema tusimshtue, kama vile tunamwongelea ndege aliyetua dirishani.

Basi nikawa nauliza. Akanifundisha kuisafisha kadi na kuipakia upya. Kioo kikapata herufi. Akanifundisha antena ipi inakaa wapi. Akanifundisha kusoma majina ya mitandao inayopita hewani, na kujua ipi imefungwa vizuri na ipi imerudishiwa mlango tu. Na sheria yake ya kwanza, aliirudia kila mara: mtandao usio wako huugusi bila ruhusa ya mwenyewe, na ruhusa iwe ya mdomo wake, si ya kukisia. Mvumilivu, Shangazi! Hapa nyumbani alikuwa akinifundisha hesabu anaondoka katikati. Kule alinieleza kitu kimoja kwa njia tatu hadi niseme nimeelewa.

Tatizo likaja kwamba nilikuwa naelewa. Nilikuwa na kichwa chepesi kuliko nilivyodhani, na maswali yalikuwa yanapungua. Sasa nifanyeje? Nikaanza kukiharibu kifaa makusudi. Asubuhi nachomoa kadi naiweka kinyume, au napakia programu isiyo yake, au nabadilisha antena, ili jioni niwe na la kuuliza. Nilikuwa sidanganyi kabisa, ugonjwa ulikuwepo, ila nilikuwa nimeuleta mimi. Mama ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Leo umekiharibu nini?" Nikimwambia, anacheka kidogo. Kilikuwa kicheko pekee cha nyumba hii.

Siku moja Kisiki akaandika mbele ya wote, "Huyu mgeni kila siku antena, kila siku kadi, amelishwa gundi?" Wenzake wakaweka vicheko. Kaka akamjibu: "Mwacheni aulize. Mimi kwetu hakuna aliyeuliza."

Niliisoma hiyo nikiwa ngazini. Sikuweza kupanda wala kushuka.

Ndipo nikafanya jambo ambalo hata sasa silielewi nililipata wapi. Nilishuka dukani kwa mama wa vipodozi. Mimi, ambaye nikitumwa kiberiti huwa naomba aje mteja mwingine nijifiche nyuma yake. Nikamwambia naomba ruhusa nipime mtandao wake, kwa mdomo wake mwenyewe aseme ndiyo. Akanitazama, akasema, "Na wewe tena?" Nikamwambia ndiyo, na mimi tena, lakini mimi nimekuja mlangoni. Akasema haya, pima, ukivunja kitu utanitambua. Shangazi, haikuchukua muda. Mtandao wake ulikuwa umebeba simu za mtaa mzima. Nikamuuliza neno lake la siri ni nini. Akasema ni namba ya duka, ili asiisahau. Namba ya duka imechorwa kwenye mlango wake, kwa rangi nyekundu, kila tarakimu ukubwa wa sahani! Vijana wa kinyozi, wasusi, wapiga pasi, wote walikuwa wanasoma mlango na kuingia.

Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Akasema, "Masikini, yule kijana." Halafu akafungua kabati la kioo akanipa chupa ya losheni, ile ya bei yake, akasema nimpelekee mama. Kana kwamba kaka angetoka ndani ya ile chupa. Lakini nisimpunje, jioni alimngoja baba chini ya ngazi akamwambia yote mwenyewe, tena mbele ya walewale waliocheka.

Baba alipanda, akavua kofia, akakaa mezani mbele yangu. Kifaa kilikuwa wazi. Akakisogeza kwa kidole, akauliza, "Hicho kidude kinafanya nini hasa?"

Nilimweleza kwa namna yake. Nikamwambia, baba, wewe ukianza zamu si unazunguka ghala ukisukuma kila mlango? Akasema ndiyo. Huingii, unasukuma tu kuona kama umefungwa. Akasema ndiyo, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikamwambia ndicho kinachofanya.

Akaigusa antena moja. "Kwa hiyo kaka yako alikuwa anasukuma mlango."

"Wetu, baba. Alikuwa anasukuma wetu."

Aliinuka akaenda kusimama pale dirishani. Mama alizima cherehani. Nilidhani sasa ndiyo hivyo, sasa atasema kaka arudi, nilishika simu tayari. Mama akamwambia taratibu, "Baba watoto, si umwambie mwanao hayo." Naye akajibu, "Unataka nimpigie magoti mtoto niliyemfundisha kutembea?" Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka abishiwe. Hatukujua tumbishie vipi. Baadaye, akivaa viatu vya lindo, akasema peke yake, "Angekuwepo Dada, angejua la kusema." Dada ni wewe, Shangazi. Liweke neno hilo kichwani, nitalirudia.

Mimi nikaona nisisubiri. Nikamwandikia kaka pembeni, pasipoonekana na wengine: "Ni mimi, Kimya." Unajua ni yeye aliyenibandika jina hilo. Nikamwambia mambo ya duka, na mlango, na alivyouliza baba.

Hakujibu siku nyingi. Nilikwenda shule nikitazama simu, nikarudi nikitazama. Halafu likaja:

"Mama anajua?"

"Anajua tangu mwanzo. Anakushonea shati."

"Mwambie mabega ni yaleyale."

Mama alifumua mara ya mwisho hiyohiyo jioni. Nikaandika, "Kaka, rudi. Baba ameelewa." Akajibu: "Ameelewa na amekutuma uniambie?" Sikuweza kusema ndiyo. Ningesema uongo, na yeye angejua. Nikaandika hajanituma. Akaandika, "Basi hajaelewa. Kimya, sikiliza. Kuhusu kifaa niulize lolote, wakati wowote, nitakujibu. Kuhusu kurudi usiniulize tena."

Ndivyo tulivyobaki. Kaka yangu wa tumbo moja, na mimi naruhusiwa kumuuliza antena tu. Nimejaribu kuficha mambo ndani ya maswali. Namwandikia kwamba kadi inasoma polepole, na hapo katikati nachomeka kwamba mama amekohoa wiki hii. Anajibu kuhusu kadi. Mwisho wa jibu anaongeza, "na chumba kiwe na hewa, mheshimiwa." Siku hizo nalala vizuri.

Juzi ndiyo iliyonivunja. Kuna mtoto, nadhani ni mtoto kwa jinsi alivyoandika, aliweka swali kwenye ubao wa Wanagenzi: kioo cheupe, sijui chochote, samahanini. Kabla Kisiki hajamrukia nikamjibu mimi. Nilimwambia atulie, apige picha ya nyuma, kifaa kimesusa tu. Kikawaka. Watu wakafurahi. Na kaka akaandika mbele ya wote: "Mgeni wa Kona si mwanagenzi tena. Namtoa rasmi. Nami mwisho wa mwezi huu nafunga hapa, nimepata kazi ya kufunga minara ya simu huko ambako mtandao wenyewe bado haujafika. Wageni nawaacha mikononi mwake."

Wote walinipongeza, Shangazi. Hata Kisiki aliweka makofi. Sijawahi kupongezwa na watu wengi hivyo maishani, na nililia kama niliyefiwa. Nilijibu "asante". Ni neno gani lingine lingekaa pale? Mama nimemwambia kuhusu pongezi. Kuhusu mwisho wa mwezi bado sijamwambia. Anatia vifungo kwenye lile shati, siwezi.

Sasa narudi kwenye neno la baba. Wewe ulimbeba mgongoni baba akiwa mdogo, mwenyewe husema. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwamuru. Mimi ni mtoto, mama ni mkewe, yule wa duka ni jirani, na mbele yetu sote ana heshima ya kulinda. Mbele yako hana. Nimemtazama siku hizi zote, nakuambia ukweli, si kwamba amekataa. Anangoja mtu wa kumwambia fanya, ili akifanya iwe amekutii wewe. Mpigie, nakuomba, barua hii ikikufikia usimalize hata chai. Mpigie mchana akiwa hajaenda kazini, na spika uizime.

Wala usimwambie aombe msamaha. Hilo halitatoka, litamkwama kooni, na siku zitapita. Mwambie aulize tu. Mimi nitamfungulia akaunti, atajiita anavyotaka, nitamwonyesha pa kubonyeza. Aandike kwenye ubao wa Wanagenzi, kwa mikono yake, lile swali alilokataa kuuliza siku ile: kifaa hiki kinafanya nini. Kaka atayajua maandishi yake, baba huandika kila kitu kwa herufi kubwa. Na tangu nimfahamu kule, Shangazi, hajawahi kumwacha anayeanza bila jibu.

Wasalimie sana mapacha, mmoja mmoja ili wasigombane. Msalimie Bibi wa ghorofa ya chini anayekuletea barua. Mama anakusalimu, anasema lile gauni lako la bluu atalitanua ukija. Baba hajui kama nimekuandikia, lakini najua angesalimu. Mungu akulinde na goti lako, akupe pumzi ya kupanda ngazi na usingizi usiokatika, na akifungue kinywa cha mdogo wako kabla mwezi haujaisha.

Wako akupendaye hata pale anaponyamaza,

Kimya,
binti wa mdogo wako.